Kuhusu Mbwa Aitwaye Hodi na Nyumba ya Majengo

Kibosho Singa,
Moshi.
14 Juni 2025

Mwanangu mpendwa Tito,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, lakini simu ilikatika kabla sijaitika, kwa hiyo naiitikia hapa: marahaba, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mkeo Aikande na wajukuu zangu mkiwa wazima huko Sumbawanga. Je, kikohozi cha Rachel kimekwisha? Mkeo aliniambia mtoto anakohoa asubuhi tu, na akishakunywa kitu cha moto anatulia. Kikohozi cha namna hiyo mara nyingi huletwa na vumbi la mahali mtoto anapolala. Toeni godoro juani siku mbili tatu, halafu mniambie.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika kwa sababu baridi ya Juni imeshuka sawasawa. Ukungu unakaa migombani hadi saa nne na mlima hatujauona siku ya tisa leo. Kahawa imeanza kuiva, moja moja, bado si ya kuita watu wa kuchuma. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, na mara hii sikumwita daktari.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniuliza kama wapangaji wa nyumba ya Majengo waruhusiwe kukaa na wanyama au tuwakataze kabisa. Nilipokuomba wiki mbili ulicheka, ukasema, "Shangazi, si ni ndiyo au hapana tu?" Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu wewe una haraka na mimi nina maelezo. Tafadhali isome barua hii mara mbili, na mara ya pili uisome ukiwa umekaa.

Kwanza ujue ni nani anayesubiri jibu. Mektrida, fundi wa nguo wa chumba cha mbele, amenipa taarifa kwamba mbwa wa Sirili akiendelea kupita uani, yeye atahama tarehe thelathini mwezi huu. Ameishi pale miaka tisa. Hakupiga kelele wala hakununa. Alinieleza kama mtu anayekueleza kwamba kitambaa ulicholeta hakitoshi gauni. Namfahamu, hatishi mtu, anasema atakalofanya.

Sirili humjui, aliingia Februari baada ya wewe kurudi huko. Ni kijana wa Uru, anapeleka wageni mlimani, na kila safari anakaa juu siku sita au saba. Mkewe ni Violet, binti wa Sanya Juu, na wana mtoto wa miezi saba. Desemba, walipokuwa wamepanga mahali pengine, mtu alikata wavu wa dirisha mchana kweupe wakati Violet yuko peke yake na mtoto mchanga, naye Sirili yuko mlimani. Walihama kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo baba yake Violet akawapa mbwa aliyekuwa akifuatana na ng'ombe wake. Ni mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, mpole kwa kadiri nilivyomwona. Wanamwita Hodi. Inasemekana alipokuwa mdogo alikuwa akisimama mlangoni bila kuingia, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

Jina hilo ndilo lililoleta balaa. Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, Mektrida alikuwa anashona nguo ya komunyo ya kwanza, ameupa mlango mgongo kama kawaida yake ili apate mwanga wa dirishani. Sirili akawa uani anamtafuta mbwa wake, anaita, "Hodi! Hodi!" Mektrida, bila kugeuka, akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: "Karibu, pita ndani." Mbwa akapita ndani.

Nadhani kila mmoja alitii alichoambiwa. Lakini Mektrida aligeuka akitegemea kumwona mteja, akaona pua ya mbwa kwenye magoti yake. Alipanda juu ya kiti, kiti kikagonga cherehani, cherehani ikaanguka, na ile nguo nyeupe ikapata nyayo nne za tope. Alishinda siku nzima ya Jumamosi akishona nyingine, na Jumapili mtoto wa watu alivaa. Lakini tangu siku ile hatoki chumbani kwenda bombani wala chooni kabla Violet hajamwambia kwamba mbwa amefungwa.

Wako watakaokuambia kwamba huo ni woga wa kitoto. Usikubali. Mektrida aliumwa na mbwa pale Bomang'ombe akiwa na miaka kumi na mmoja, wakati tiba yake ilikuwa sindano za tumboni, moja kila siku. Yeye alichomwa kumi na nne. Mama yake alikuwa akimpeleka kwa miguu kutoka Kwa Sadala hadi hospitali na kurudi. Mtu aliyepitia hayo haachi kuogopa kwa kuambiwa kwamba mbwa huyu ni mpole.

Jumapili iliyofuata nilishuka mjini baada ya misa ya kwanza, nikawakusanya uani. Nilikwenda na mkataba. Unakumbuka kwamba mkataba ule niliuandika mimi, mwaka 2009, marehemu baba yako aliponiomba, baada ya mpangaji mmoja kulea nguruwe wawili bafuni. Kifungu cha saba kinasema: "Mpangaji haruhusiwi kufuga mifugo ya aina yoyote ndani ya uzio." Nilikiona kifungu kizuri kwa miaka kumi na sita. Nikawasomea kwa sauti.

Sirili alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa heshima zote, mbwa si mfugo. Mfugo ni kile unachokikamua, au unachokichinja, au kinachotaga."

"Kama si mfugo, mbona unamlisha?" Mektrida akauliza. Alikuwa ndani, anazungumza kupitia dirishani.

"Hata mtoto namlisha, dada Mektrida."

"Mtoto haumi."

"Huyu wangu hujakaa naye," Violet akasema. Mtoto anaota meno.

"Basi niambieni," Mektrida akaendelea, "kama hakamuliwi wala hachinjwi, anafanya kazi gani?"

"Analinda," Sirili akajibu.

"Ananilinda mimi nisiende chooni."

 Sirili akageukia geti. "Halafu Mwalimu, tusijifanye hatuoni. Getini pameandikwa Mbwa Mkali. Siku nilipokuja kuulizia chumba nilimtafuta huyo mbwa, sikumwona. Nikasema moyoni, labda amekufa, nafasi iko wazi."

Walicheka wote, na hata dirishani nilisikia kicheko. Mimi sikucheka sana, kwa sababu brashi ilikuwa yangu. Niliandika maneno yale mwaka 2017, walipotuibia mita ya maji, na nyumba ile haijawahi kuwa na mbwa hata siku moja. Kwa hiyo tazama kosa lilivyokaa: mpangaji anasoma getini kwamba mbwa yupo, anasoma kwenye mkataba kwamba mifugo haipo, na maandishi yote mawili ni ya mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyestaafu. Nisingempa mwanafunzi wangu alama kwa kazi kama hiyo.

Sirili akasema yuko tayari kubadilisha jina. "Nimwite nani? Karibu?"

"Mwite Kwaheri," Mektrida akasema.

Jina wamelijaribu. Walimwita Bahati kwa wiki nzima, mbwa hakugeuza hata lile sikio moja linalosikia. Sasa Violet anampigia mluzi, na hilo limesaidia, maana hakuna mtu anayejibu mluzi kwa kusema karibu.

Niliwaza pia kumchukua mbwa nikae naye hapa Singa, kama tunavyoweka ng'ombe kwa mtu mwingine: mnyama anabaki kuwa wako, anayemtunza anapata maziwa na mbolea. Sirili angekubali kwa sababu ananiheshimu. Lakini Violet aliniuliza, kwa adabu, kama mimi nikishamchukua mbwa nitakuja pia kulala kwake zile siku saba ambazo mumewe yuko mlimani. Wazo hilo nikaliacha.

Nikamwita Yohana, bwana mifugo, amkague mbwa. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilikuwa kimepitwa na muda, akamchoma upya pale pale. Mektrida alikuwa anatazama kupitia dirishani. "Sindano moja tu?" akauliza. "Mimi nilichomwa kumi na nne, na wala si mimi niliyeuma." Yohana alimwomba radhi kwa niaba ya serikali ya wakati ule.

Sasa nikueleze nilivyofikiri, maana umenizoea.

Ukisema "hakuna wanyama", ambayo ndiyo njia fupi, Sirili ataondoka, na Mektrida naye atakuwa amevunja mkataba. Yeye ana paka. Ni yule paka wa marehemu baba yako, wa madoa, aliyebaki baada ya msiba na akahamia kwenye vitambaa vya Mektrida kwa hiari yake. Kwa miaka sita amezuia panya wasitoboe nguo za watu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni mnyama. Sharti likiandikwa hivyo, utalazimika kumfukuza huyo paka au kujifanya humwoni, na sharti la kujifanya hulioni tunalo tayari getini.

Ukisema "wanyama ruksa", Mektrida atahama, na baada ya miezi mitatu utapata mtu wa kuku ishirini. Watu wetu wakishuka mjini wanashuka na kijiji chao. Siwalaumu, lakini ua ule una bomba moja.

Siku hiyo ya Yohana, nilipokuwa narudi nyumbani nikaikumbuka nyumba ya bibi yako, ile ya zamani ya majani, ambayo wewe hukuiwahi. Ng'ombe alikuwa ndani, upande wa kulia unapoingia. Mbuzi nyuma yake. Sisi watoto upande wa kushoto, karibu na moto. Na mbwa nje, kwenye njia ya kuingilia kihamba chetu cha migomba. Hakuna aliyewahi kuuliza kama wanyama wanaruhusiwa. Kilichoulizwa ni mahali, huyu akae wapi, apite wapi, asikutane na nani. Swali lako wewe ni la ndiyo au hapana. La bibi yako lingekuwa la wapi. Nikaona kwamba hata Mektrida hakuniambia mbwa aondoke Majengo. Ukisoma tena nilivyoandika juu utaona: amesema asipite uani.

Kesho yake nilishuka tena, nikamwuliza waziwazi. "Kama utamsikia lakini humwoni, na hawezi kukufikia, utaweza kukaa?" Alifikiri akiwa na pini mdomoni. "Kumsikia naweza," akasema. "Majengo nzima wanabweka. Ni miguu yake kwenye sakafu ninayoishi ndiyo siwezi."

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali, na mahali panapofaa ni pamoja tu. Ni chumba cha nyuma, kile chenye milango miwili: mmoja wa uani na mwingine unaotokea kwenye uchochoro, penye kile kieneo cha hatua nne ambapo baba yako alikuwa anaota jua. Sirili na Violet wakihamia pale, mlango wa uani ukawekewa komeo kwa ajili ya watu peke yao, na kieneo kile kikazungushiwa wavu, mbwa ataingia na kutoka kwa nyuma na hatakanyaga uani kamwe. Fundi amekwisha kupima; anasema ni kazi ya siku mbili. Sirili amekubali. Violet ameuliza tu kama dirisha lina nondo, linazo. Mektrida naye amekubali, na alipokubali alirudi kushona mara moja, ambayo kwake ni ishara kubwa.

Kifungu cha saba nimekiandika upya. Kinasomeka hivi: "Mpangaji asilete mnyama wa aina yoyote kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzake, na wakakubaliana mnyama huyo akae wapi na apite wapi. Mbwa ni mmoja tu kwa nyumba nzima, wa chumba cha nyuma, mwenye chanjo ya mwaka huo." Nguruwe na kuku nimewataja kwa majina yao, wasitafutiwe maana nyingine. Soma uone kama kuna neno la kurekebisha. Getini tuache palivyo. Sasa angalau nusu ya maneno yale ni kweli.

Lakini Tito, chumba cha nyuma umekifunga wewe.

Nimelichelewesha jambo hili hadi hapa kwa sababu sikutaka ulione kabla ya mengine. Ulikifunga siku ya kuondoa matanga, ukaondoka na ufunguo, na ufunguo ni mmoja. Sijawahi kukuuliza. Miaka sita kila mtu akija kuulizia chumba tunamwambia hicho kina vitu vya mwenye nyumba. Vitu vyenyewe navijua kwa kichwa: kitanda, makoti mawili, redio, masanduku ya karatasi za chama cha ushirika, na mashine ya kumenyea kahawa aliyokataa kuiacha Singa ingawa mjini hapakuwa na kahawa ya kumenya. Sidhani makoti yamesalimika.

Kuna jambo moja ambalo pengine hukuelezwa vizuri, kwa kuwa siku zile kila mtu alikuwa anakueleza mambo. Baba yako alipohamia kile chumba ili awe karibu na hospitali, aliyekuwa anampikia mtori wa ndizi na kuuchuja hadi uwe kama maji ni Mektrida. Hakuna aliyemwomba. Na ile Jumanne ya mwisho, wewe ulikuwa safarini na mimi nilikuwa njiani nashuka, aliyekuwa amekaa naye ni yeye. Aliniambia baadaye kwamba aliacha cherehani ikiwa na sindano ndani ya kitambaa, akarudi kuikuta hivyo hivyo siku ya nne. Kwa hiyo nikikuandikia kwamba atahama, namaanisha mtu huyo.

Sikulazimishi. Chumba ni chako na baba alikuwa wako kabla hajawa wa wengine, isipokuwa mimi dada yake niliyemtangulia kuzaliwa. Ukitaka kukifungua kwa mkono wako, omba ruhusa kazini uje. Safari ya basi ni siku mbili, na kitanda cha kulala kipo hapa. Ukiona huwezi kuja, weka ufunguo kwenye bahasha, andika jina langu na namba yangu, mpe kondakta unayemwamini. Nitafungua mimi, peke yangu, wapangaji wakiwa kazini. Vitu nitavileta Singa juu ya gari la Ronald, jirani yetu, nitavipanga kwenye chumba cha mwisho, wala sitatupa hata karatasi mpaka uione. Mashine nitaomba niitumie msimu huu, kwa sababu yangu imevunjika jino.

Na kama hutaki kifunguliwe kwa sasa, niambie hivyo, kwa maneno machache, nami sitakuuliza sababu. Ila ujue kwamba jibu hilo nalo ni la kuhusu Mektrida. Tarehe thelathini nitashuka nimsaidie kubeba cherehani, maana haifai mtu aliyetutendea vile atoke getini kwetu bila mtu wa ukoo kushika upande wa pili.

Msalimie sana mkeo Aikande, na mama yake kule Machame ukimpigia. Mwambie Rachel bibi amemwekea ndama jina lake, asikasirike. Shemeji yako Ezra anakusalimu. Ndoa yake ni Septemba, utapata kadi. Baba paroko naye aliniuliza habari zako, nikamwambia unasali, natumaini sikusema uongo.

Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, awape afya na riziki ya halali, na akuongoze katika hili kwa utulivu.

Nakungoja, mimi shangazi yako nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,

Theodora